Askari Haruhusiwi Kucheka

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi kwenye filamu! Mimi, fundi vioo! Wanatengeneza filamu ya zile ghasia za mwaka juzi, na wanapigia picha hapahapa mtaani kwetu zilikotokea. Dairekta kanitazama juu mpaka chini, akasema nina mwili wa askari. Nimepewa kofia, ngao na rungu la mpira. Nimejitazama kwenye kioo — jamani, nimependeza! Mchumba wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Kisha akaniambia la pili: mama yake naye amechukuliwa kuigiza. Mwandamanaji.

Mama mkwe (Mungu akijalia) ana duka la vitambaa. Siku ile ya ghasia lilikombwa lote, kioo cha mbele kikawa vumbi. Nikaitwa kuweka kipya — nikatoka na mchumba. Mpaka leo analalamika: wahuni walimchukulia vitambaa, sasa fundi kioo anataka binti. Tangu mwaka jana namwomba aniruhusu nilete wazazi wangu. Jibu ni lilelile: "Tutaona." Ananiona mpole mno. Eti siku ya kishindo nitakuwa wa kwanza kukimbia.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Balaa! Mama mkwe (Mungu akijalia) anatakiwa anirushie jiwe la sponji, mimi nimkamate mkono, nimburute mpaka kwenye gari. Nimburute! Mtu ambaye nikimwona kwa mbali naanza kujifunga vifungo vya shati!

Kaja mbio, kanitwanga la uso. Nikasema, "Shikamoo, mama." Mdomo wenyewe tu! Naye bila kufikiri: "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Mtaa mzima ukavunjika mbavu. Dairekta kashika kiuno: hii ni ghasia au ni ugeni?

Rudia. Safari hii nimemshika kwa vidole viwili. Mama kanifokea: nishike vizuri, usiniaibishe mbele ya kamera! Na anavyopiga kelele mama yule — lo! Waandamanaji wa kweli wangekaa pembeni wajifunze.

Alhamisi, 7 Machi

Leo moshi. Wa mashine, haudhuru mtu, tuliambiwa mapema. Lakini ulipofunika duka lake, mama akasimama katikati ya barabara. Jiwe likamdondoka. Watu wanampita mbio huku na huku, yeye anatazama mlango wake tu. Hakuwa anaigiza.

Sikukumbuka kamera. Nimeacha mstari wa askari, nimemkinga na ngao, nimemshika — kwa mikono yote miwili! — nikamwingiza dukani kwake, nikamkalisha. Nikamwambia, "Kioo kiko palepale, mama. Nilikiweka mwenyewe, na hakina hata ufa." Akakigusa. Akashusha pumzi. Kisha: "Haya, toka, unaharibu kazi ya watu."

Dairekta kawaka. Picha yote ya moshi imekwenda na maji. Nimeomba radhi, lakini sijuti hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimekaa pembeni mwa barabara, kofia ya askari kichwani. Mama mkwe karudi na moto wake wote. Kanitwanga jiwe, nikamkamata sawasawa, namburuta, anarusha mateke, anapiga mayowe — dairekta anatikisa kichwa kwa raha — na katikati ya vurugu hiyo akanisogelea sikioni: "Wazazi wako waje Jumapili."

Jumapili!!! Meno yote nje.

"Kata! Askari, unacheka nini?"

Tumerudia. "Kata! Askari!" Nimeng'ata ulimi, nimefikiria misiba, nimefikiria bei ya vioo — wapi! Kwani kila nikimshika, naye haachi. Mara wanakuja wangapi, ajue viti. Mara baba yako anakunywa chai ya maziwa au ya rangi? Na uso wake umekunjamana kwa hasira, huwezi kujua!

Dairekta kasema jua linatukimbia: imebaki mara moja tu, nikicheka tena anatafuta askari mwingine. Mchumba wangu yuko ng'ambo ya barabara, ananiuliza kwa ishara kuna nini. Hajui! Wananiita. Ngao iko wapi? Mama mkwe keshaokota jiwe lake, kanikazia macho, na namwona kabisa ana swali jingine —