Ngolo za Mteremko wa Mtoni

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua utaitikia "Milele amina" kwa sauti ya kanisani kabla Mama hajafika mstari wa pili, kwa hiyo nangoja kidogo. Haya. Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, wewe unayesoma. Magoti ya Baba yanasemaje huko Mapera? Namuuliza Mama na si mwenyewe, maana mwenyewe hata akitambaa atasema hajambo. Kahawa je, na yule ng'ombe mkorofi wa ndugu yangu Longino? Mimi ni mzima. Huku Ujerumani baridi imeanza kupiga hodi, na wazee ninaowatunza wameanza kunililia blanketi la pili.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenyewe ni ya Longino, naye akishaweka sauti ya juu hata majirani wanachangia. Jambo uliloniuliza si la kuchangiwa na majirani. Sista mmoja anakuja likizo Mbinga, nimempa barua hii mkononi.

Uliniuliza kuhusu ngolo za mteremko wa mtoni, yale mashimo na matuta tuliyochimba na Mama. Longino anataka kuzivunja, alime matuta ya kawaida yanayoshuka moja kwa moja, maana ngolo zinakula nguvu na nyumba haina tena wachimbaji. Dada zangu wote wawili wameshasema zivunjwe. Nimebaki mimi. Nawe ukaongeza kwa sauti yako ile ya kufunga kikao: "Anayesema zisivunjwe, aje azichimbe." Tangu hapo nimekaa kimya kama maji ya mtungi. Usidhani nilipuuza, Baba. Lile neno lilinikaa kifuani kama kipande cha kiazi kikavu.

Sasa nikupe habari za safari niliyoifanya, maana jibu langu nililipata huko.

Yupo mwenzangu kazini anaitwa Renate, mama mtu mzima, ana miguu imara kama chuma. Akaniambia, "Osmunda, twende tukazunguke bonde la Mosel kwa baiskeli." Mosel ni mto, una milima huku na huku, na milima yote imepandwa mizabibu ya kutengenezea divai. Nikamuuliza, "Tunapeleka nini?" Akashangaa. "Hatupeleki kitu. Tunatembea tu." Baba, wewe uliyesukuma gunia la kahawa juu ya baiskeli mpaka mjini, ukirudi na sabuni na chumvi kwenye keria, hebu cheka nikusikie. Watu wazima tulipanda baiskeli mbili tupu, tukaenda kuitazama milima, tukarudi.

Chini kando ya mto njia ni laini, lakini Renate hapendi njia laini. Akatupeleka juu mashambani. Nilipofika kwenye mwinuko nikashuka nikaanza kusukuma, kama watu wote wenye akili. Yeye akapita ananiuliza kama mnyororo umekatika. Kushuka ndiko kulikoniaibisha. Baiskeli ile ina breki mbili nzuri, lakini mwili ulikumbuka ya kwetu, nikaweka soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma. Renate alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Kiatu kimeharibika, na mguu uko salama.

Miteremko yenyewe, Baba, mingine ni mikali kuliko wetu. Mizabibu imesimama mistari mistari kutoka juu hadi chini, na wavunaji wanapanda wamejishikilia kama mbuzi. Nilipunga mkono na kuwapa pole ya kazi. Wachache walijibu, wengine walinitazama wakidhani nimepotea.

Jioni tukafika kwa mzee mmoja mkulima anayelaza wageni, anaitwa Alois. Ni mkubwa kwako kidogo, na mgongo wake umepinda upande mmoja. Akatukalisha nje, akaleta chupa, akanimiminia kidogo kwenye bilauri, akasimama ananitazama. Mimi nikaipokea kwa mikono miwili, nami nikamtazama. Nilikuwa namngoja aonje yeye kwanza! Si ndivyo ulivyotulea? Mwenye pombe hutangulia, ndipo mgeni anywe kwa amani. Kumbe kwao mgeni ndiye huonja kwanza, aseme kama inafaa. Basi tukatazamana kama kuku wageni. Renate akaninong'oneza, "Kunywa!" Nami nikamnong'oneza, "Aanze yeye!"

Mzee akauliza kuna nini. Ikabidi nieleze, uso unawaka kwa haya. Nilidhani atakasirika kwamba nimemshuku mtu kwenye nyumba yake. Hakukasirika. Alienda ndani akaleta bilauri yake, akajimiminia, akanywa yote, akaigeuza chini juu nione.

"Sasa je?" akauliza.

"Sasa nakunywa, mzee."

Nikanywa. Mama, usidhani ni tamu kama juisi. Ni chachu, iko karibu na ulanzi wetu wa mianzi uliolala, ila yenyewe ni baridi na ina adabu zaidi. Tangu hapo yule mzee akawa ananiita binti.

Asubuhi akatupandisha shambani kwake. Upande mmoja mizabibu imefungwa vizuri, chini pamepaliliwa. Upande wa pili, palipotenganishwa na ngazi ya mawe tu, ni pori. Miiba, nguzo zimelala, kuta za mawe zimebomoka, na udongo umeteremka hadi barabarani. Nikamuuliza ni la nani.

"La marehemu kaka yangu," akasema. "Sasa ni la watoto wake. Wako mjini."

"Hawaji?"

"Ni watoto wazuri. Wanapiga simu kila Jumapili."

Baba, mimi pia nakupigia kila Jumapili. Nilijifanya natazama mto.

Akaniuliza sisi kwetu mteremko tunaushikaje. Maneno yakanipungukia, basi nikachuma majani nikayapanga pale njiani miraba miraba, nikaanza kumweleza. Nikamwambia wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga hivi mlima mzima, kisha wanawake huingia katikati ya kila mraba, huchimba udongo na kuzifunika zile nyasi. Pembeni panakuwa tuta la kupandia maharage, na katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua, yasikimbie na shamba. Nyasi zikioza chini zinakuwa mbolea. Nikamwambia hiyo ndiyo ngolo, na babu wa babu yangu aliikuta. Mzee Alois akainama na mgongo wake ule, akatia kidole kwenye mraba mmoja.

"Na sasa anachimba nani?" akauliza.

Alikuwa anauliza tu, kama mkulima anavyomuuliza mkulima. Nikayaokota yale majani moja moja, nikamwambia Renate twende.

Njia nzima ya kurudi nilisukuma baiskeli hata penye njia laini, Renate akiniacha na mawazo yangu. Nilikuwa namwona Mama na jembe, nami nyuma yake nikiwa na jembe langu dogo, wewe ukiwa juu na fyekeo unatupigia kelele kwamba mistari imepinda. Nilichukia kazi ile, Baba, wacha niseme kweli. Mgongo ulikuwa unawaka, na nilikuwa nawaonea wivu wasichana wa mjini. Lakini mvua kubwa ilipokuja, mashamba ya watu wengine yakashuka mtoni, letu lilibaki pale pale likiwa na vidimbwi vyake, na wewe ulikuwa unatuita tuje tuvione.

Longino hana kosa. Aliniambia, "Dada, wewe unatuma picha za milima, sisi tunaipanda." Alinichoma kwelikweli. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, naye amebaki na mkono mmoja. Mwambie simkatalii palipo tambarare karibu na njia, hapo alime atakavyo.

Mkataba wangu wa kazi unaisha kabla ya mwezi wa tatu, msimu wetu wa kuchimba. Wamenipa mwingine nisaini. Niliomba waniruhusu kwanza nije kuchimba, nianze tena kazi kwao maharage yakishapandwa. Mkuu wetu alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya, akasema nafasi haiwezi kuningoja. Nilienda nikawaogesha wazee wangu, nikawalaza, nikarudi ofisini kwake. Nikamwambia basi isiningoje.

Naogopa, Baba, sikufichi. Mikono yangu imelainika, na sijui mwaka wa pili nitakula nini zaidi ya maharage. Mbinga nako kuna wagonjwa na kuna wazee, sitakosa pa kuinamia. Hilo tutalizungumza nikiwa nimekaa mbele yako. Ila uliniuliza neno moja, nalo ndilo hili: zisivunjwe.

Mwambie Longino afyeke mapema na kuzipanga nyasi, hiyo ni kazi ya mwanamume, asinirushie mimi. Msalimie mkewe, na mtoto wao ambaye nimemwona kwenye picha tu, asije akanilia nikimbeba. Msalimie dada aliyeolewa Kihagara, mwambie simlaumu kwa neno alilolitoa, ila alipie kwa usipa mkavu, dagaa wa ziwani, wa kututosha wachimbaji. Msalimie dada mkubwa wa Litumbandyosi na shemeji. Shangazi mwambie maombi yake ya kunitaka nirudi yamejibiwa, sasa aniombee mgongo. Mzee Alois naye anakusalimu. Amenipa chupa moja nikuletee, na amesisitiza kwamba nionje mimi kwanza mbele yako.

Mungu akutunzie hayo magoti mpaka nifike, usiyatumie ovyo.

Ni mimi binti yako,
Osmunda

Mama, jembe langu liko darini juu ya jiko, lile la mpini mfupi. Lisipewe mtu.