Aliyepiga Piano Siku Ile

Kaka yangu uliye London,

Barua yako imefika Maskati. Unataka nikupelekee nota za ile konseto ya piano, kwa kuwa walimu wako wanataka kukusikia ukiipiga. Unauliza pia pale katikati mkono wa kushoto unapandaje. Swali zuri. Ungeliuliza kabla ya kupokea sifa.

Unaikumbuka siku ya wageni, nyumbani Unguja. Wanaume wamejaa barazani, piano iko ndani, dirisha wazi. Okestra ya kuisindikiza hatukuwa nayo, na vidole vilikugomea. Ukaninong'oneza, "Dada, nipokee." Mwalimu wako Mgoa alikufundisha wewe; mimi nilikaa nyuma ya pazia nikishona kofia, na kofia hazizibi masikio. Nikapiga mpaka mwisho. Ulisimama ukinigeuzia kurasa, machozi yanakutoka. Nilikupenda sana siku ile, kaka.

Kisha ukawatokea wageni barazani ukijifuta jasho, ukapokea sifa.

Wakauliza nani kaitunga. Ukasema, Mzungu mmoja mkubwa. Mkubwa kweli, ila hana ndevu: ni bibi wa Kiingereza wa enzi za Malkia Victoria, mtunzi na mpigaji mwenyewe, na jina lake wewe ulilibandikia karatasi pale kwenye jalada. Kwa sifa zile baba akakupeleka Ulaya. Mimi nimekuja huku na baba, nota nimezishonea ndani ya mto. Piano sijaiona hata moja. Nnafanya mazoezi juu ya meza ya kulia. Majirani wanadhani nna homa.

Juzi baba alikuwa akivisifu vidole vyako mbele ya wageni. Walipoondoka nikamwambia yote. Akauliza, "Na ile ya mwisho, ya mbiombio, ulikuwa wewe?" Nikasema ni mimi. Akaushika mkono wangu, akautazama. Nikadhani ataniombea dua.

Akasema, "Usimwambie mtu, mwanangu."

Basi nota hazitoki. Na barua hii siifungi. Anaichukua jirani yetu Bi Zuwena, anasafiri Bahrain, huko ataitia posta. Kusoma hajui, lakini hawezi kukaa na barua asiyojua inasema nini. Kila nyumba ya watu wetu atakayofikia ataomba asomewe, tena kwa sauti.

Mungu akulinde. Vidole vyako sina la kuviombea. Nimeandika kwa herufi kubwa, wasomaji wasipate taabu.

Dada yako wa tumbo moja