Mkwe Ameingia Jikoni

Mama, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa, mimi mkwe wako Masanja nakutangazia kifo cha mwiko wako mkubwa, kilichotokea ghafla mchana wa mkesha wa Noeli, jikoni kwako hapa Viwanja Sitini. Marehemu hakuugua. Alivunjika kiuno akiwa kazini, katikati ya siagi na sukari, mikononi mwangu. Habari ziufikie ukoo wote wa upawa, chekeche na kibao cha mbuzi, popote walipo kabatini. Mazishi yalifanyika jioni ileile ndani ya jiko la mkaa, na inaniuma kusema kwamba marehemu aliwaka vizuri kuliko makaa niliyouziwa.

Najua unacheka. Au bado hujacheka, unauliza kwanza: Masanja alikuwa anafanya nini na mwiko wangu?

Swali zuri. Jirani yako Mama Zawadi ana jibu lake, na ameshalifikisha sokoni: kwamba mkwe wa marehemu, yule Msukuma wa ng'ombe, ameoka mwenyewe vipande vya Noeli, vile vyako vya siagi na matunda, vikatoka vizuri, watu wakajilamba vidole. Tangu juzi nasimamishwa barabarani napewa mikono. Sikumsahihisha mtu. Mtu akikusifia njiani unamrudisha wa nini? Lakini wewe siwezi kukupelekea habari za sokoni. Ngoja nianzie mbali kidogo, ukweli nitaufikia.

Tangu tulipokuzika, Dora wangu hakuwahi kuingia jikoni kwako. Nyumbani anakuja kila wiki. Anafagia uwanja, anafungua madirisha ya sebuleni, anapangusa viti. Akifika mlango wa jiko anageuka. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Nikiingia nitamkuta hayupo." 

Basi Desemba ilipoingia, akatangaza kwamba mwaka huu hakuna Noeli hapa. Nyumba ifungwe, sisi tukae kwetu Namawala, tule wali wetu, basi. Kaka yake Fidelis akasema sawa. Mimi nami nikasema sawa, maana nimeoa siku nyingi. Ila moyoni nikapata hofu, Mama. Namjua binti yako. Akifunga kitu hafungui. Kwaya aliiacha siku moja kwa hasira, na mpaka leo hajarudi, wakati yule aliyemuudhi ameshahamia Uchindile na pengine ameshasahau hata wimbo waliogombania. Nikajiambia, akiifunga Noeli hii, jiko la Mama ndiyo limekwisha, na yeye sehemu yake moja itabaki imefungiwa humo ndani.

Nikamwambia, "Nitaoka mimi."

Aliniangalia kama ng'ombe amesema. "Wewe? Hilo jiko umeshawahi hata kuliona?"

Sikuwahi. Hapo alinishika pabaya.

Unakumbuka nilivyokuja kuoa, na mila zangu mkoba mzima. Kwetu ukweni, bukwilima, si mahali pa mchezo. Sili pamoja na mama mkwe, sipiti alipokaa, na jikoni kwake ndiyo kabisa sitii mguu. Wewe, Mpogoro wa Mahenge, uliliangalia jambo hilo siku kadhaa, halafu ukamuuliza Dora kwa sauti niliyoisikia mpaka uani: "Huyu ananiheshimu au ananiogopa?" Vyote viwili, Mama. Lakini hukunilazimisha. Uliniwekea kigoda nje, chini ya kile kidirisha cha jiko, mgongo ukutani, na kila mkesha wa Noeli sinia likawa linatua dirishani: nanasi kavu, embe kavu, zabibu, kisu. Wewe ndani unaoka, mimi nje nakata.

"Mkwe, kata ndogondogo! Hii ni Noeli, si majani ya ng'ombe."

"Ndiyo, Mama."

"Na zabibu mbona zimepungua?"

"Kuku, Mama."

"Kuku wa Kisukuma huyo. Tena ana masharubu."

Siagi nilikuletea ya ng'ombe wetu, kwa sababu ile ya dukani ulisema ni ya kupaka miguu. Mchele tulikuletea chenga, ukazisaga laini ukachanganya na unga wa ngano, ili kipande kikifika mdomoni kivunjike chenyewe. Masista uliowapikia kwenye nyumba ya wageni walikufundisha kwa matunda ya kopo. Hayo mengine yote uliyatoa kichwani mwako na bondeni kwetu.

Kwa hiyo, Mama, vipande vya Noeli sikuwahi kuviona vikitengenezwa. Nilivisikia. Najua siagi na sukari vinaanza kwa kukwaruza, kwaru kwaru, halafu sauti inalainika kama mtu anayetembea kwenye tope. Najua chekeche ikigongwa kiganjani. Najua uma ukitoboa kinyunga, tu-tu-tu-tu, mpaka pembeni. Najua matunda yakichemka na sukari na ndimu: mwanzo yanapiga kelele, yakiiva yanaguna. Najua mfuniko wenye makaa ukiburuzwa juu ya sufuria la mchanga ulilookea. Kwa macho mimi si kitu. Kwa masikio nilijihesabu fundi. Nikamwambia Dora hivyo. Akasema, "Haya, fundi," kwa namna ambayo wewe ungeitambua.

Siku ya mkesha tulikuja wote watatu. Fidelis alifungua mlango, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekata tiketi. Nikasimama kizingitini. Mama, miguu ilikataa. Nikavua kofia, nikasema, "Hodi, Mama. Naomba nipite."

Fidelis akasema, "Shemeji, unapiga hodi kwa masufuria?"

 Nikaingia.

Jiko lako dogo jamani! Kwa zile sauti za miaka yote nilidhani kuna ukumbi humo, kama wa parokia. Kumbe watu wawili hawapishani. Na nikaona kitu ambacho hukuwahi kuniambia. Kigoda chako kilikuwa chini ya kidirisha, kimeegemezwa ukutani, ukuta uleule wa kigoda changu. Kwa hiyo ulipokuwa unanitania ulikuwa umenipa mgongo, nami nimekupa mgongo, tofali moja katikati. Tulikuwa tumeegemeana, Mama. Nilisimama pale kidogo, mpaka Fidelis akauliza kama kuoka ndiko huko.

Dora alikataa kuingia. Akakaa nje kwenye kigoda changu, sinia mapajani. "Nakata tu," akasema. "Sioki."

Nikaanza. Mwiko ulifariki mapema, habari hiyo unayo. Nikaendelea kwa mkono mpaka nikasikia tope. Unga nikachekecha, nusu ukaingia kwenye bakuli na nusu kwenye ndevu. Nikakandamiza kinyunga kwenye sinia, nikatoboa tu-tu-tu, nikafunika, nikapanga makaa juu. Nikachemsha matunda, nikayasikiliza mpaka yakaguna. Nikayatandaza, nikanyunyiza kinyunga kilichobaki juu yake, nikarudisha motoni. Na harufu ikatoka, Mama! Harufu yenyewe! Nje, kisu cha Dora kikasimama. 

Nikaepua. Sasa hapo ndipo palipokuwa na kitu kimoja kisicho na sauti. Ulikuwa ukishaepua unanyamaza. Nasikia mnong'ono tu, muda mrefu, halafu ndipo kisu. Mnong'ono ule nilijua ni sala. Sasa mimi nimebatizwa ukubwani ili padri akubali kutufungisha ndoa, mambo marefu sina. Nikafunga macho, nikasali Baba Yetu moja, ile ya haraka, nikaongeza Amina mbili za kufidia. Nikachukua kisu.

Sasa ukweli wenyewe, kama nilivyokuahidi, ule ambao sokoni haujafika.

Havikukatika, Mama. Vilimeguka. Kila nilipopitisha kisu, ukingo ulidondoka kama kingo za mto Kilombero zikilowa. Nikajaribu kwa kijiko. Nikajaribu kwa mikono, nikaungua. Kwenye sinia ikabaki chengachenga na matunda yanayotambaa. Nikakaa kimya nikitegemea kimya kitanisaidia.

Nje ikatoka sauti: "Masanja, umekata?"

"Bado."

"Nimesikia kisu."

"Nilikuwa nakijaribu."

"Umekata cha moto! Masanja! Mama alikuwa anasali rozari nzima, matendo yote na litania juu yake, ndipo anakata! Ndiyo saa yake ile! Lazima kipoe, kishikane! Wewe umesali nini?"

"Baba Yetu."

"Ngapi?"

"Moja."

Mama, sauti ya lile neno "ngapi" haikutoka dirishani. Ilitoka nyuma yangu. Alikuwa ameshaingia, amesimama katikati ya jiko lako, kisu cha nanasi mkononi, hana habari. Mimi nikaona. Fidelis naye akaona, akafungua mdomo aseme, nikamkanyaga mguu.

Dora akaliangalia sinia. Halafu akainua macho akaangalia ukuta wenye masizi, akaangalia kabati lako, kigoda chako. Akajua yuko wapi.  Nilidhani atatoka mbio, na nyumba ifungwe siku hiyohiyo, na mimi ndiye nitakuwa nimeifunga.

Ndipo akaniangalia usoni. Nadhani ni zile ndevu. Alianza kucheka kidogo kidogo, akijizuia, halafu kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akakaa kwenye kigoda chako bila kujijua, machozi yanatiririka, na baadaye nikasikia kicheko kimebadilika, si kicheko tena. Nikapiga magoti pale kwenye unga. Fidelis akajifanya anatafuta kitu nje. Dora alilia kilio ambacho hakukilia makaburini, Mama, siku ile aliyokuwa anahangaika na vyakula vya wageni. Alipomaliza, akajifuta kwa khanga, akasema, "Washa tena moto. Na huo mkono wako usiguse kitu."

Kwa hiyo sinia la pili ni la Dora. Mimi nilipepea makaa. Tulipoepua tukakaa chini sote watatu, tukasali rozari kungoja vipoe. Fidelis alisinzia tendo la pili, mimi nilipotea la tatu nikawa nasema Amina palipo na Salamu Maria, na Dora hakupotea popote. Akakata. Vikakatika, ka, ka, ka, safi, pembe nne.

Noeli tulifungua milango yote. Watu walipotoka Misa wakajaa uwanja kama zamani. Sinia langu la chenga tuliligawa kwenye bakuli na vijiko, Fidelis akiwatangazia watoto kwamba huo ni mtindo mpya umetoka mjini, na wakaugombania, nakuapia. Dora alichukua kipande chake cha kwanza akala amesimama mlangoni mwa jiko.

"Si vya Mama," akasema.

Nikamsogezea sinia.

Akatafuna tena. "Siagi imezidi kidogo." Akachukua kingine.

Hapo ndipo Mama Zawadi akauliza kwa sauti nani ameoka. Nilikuwa nafungua mdomo niseme kweli, Dora akaniwahi. "Mume wangu," akasema, mbele ya watu wote, uso mkavu kabisa. Nikaona ameniminyia jicho. Sifa zote ninazopewa barabarani ni uongo wa binti yako, na ameutunga kwa makusudi, kwa sababu mwakani nikikataa kuoka watu wataniuliza.

Naye ameshaagiza nanasi. Nikamkumbusha kwamba Noeli imeisha juzi tu. Akasema nanasi halikauki kwa kuangaliwa, na kwamba mwakani mimi nitakuwa ndani naye, na kigoda cha nje tutampa Fidelis, ambaye anakula zabibu waziwazi wala hasingizii kuku.

Sina ahadi kubwa, Mama, wewe unanijua. Maadamu mimi na Dora tupo, nyumba hii haitafungwa Noeli, na huyu binti yako sitamwacha aingie humo peke yake siku ambazo hawezi. Lala salama. Jiko lako linafuka moshi tena asubuhi hii. Yuko ndani anachemsha chai na anaimba vibaya, na mimi nakwenda kuinywa humohumo.

Mkwe wako,
Masanja