Gari Langu Wamelipaka Manjano

Shangazi Beryl,

Msaada ninaouomba kwako ni mdogo, uandike tu kwenye hilo gazeti lako kwamba mimi Horace Sugden wa kitongoji cha Idle sina kosa, ili nimsomee mke wangu Enid kwa sauti asikie, maana siku hizi gazeti nasoma mimi na yeye kakaa anasikiliza kama bibi mkubwa, mimi niliyeaga shule mapema nikaingia karakana ya mabasi. Kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Lakini nionyeshe mtu Yorkshire nzima anayelijua gari la Jowett Javelin kunishinda, nami nitamnunulia bia mpaka abebwe. Injini yake naifungua na kuifunga nimefumba macho, na hayo si majisifu, rafiki yangu Norris Feather aliwahi kunifunga kitambaa usoni mbele ya klabu nzima nikaifungua na nikaifunga, na kitambaa chenyewe kilikuwa kinanuka samaki.

Klabu yetu ya magari ya zamani hukutana Jumanne pale baa ya Fleece, na zamani tulikuwa tukizungumza magari, siku hizi tunazungumza televisheni. Kuna wanaosema vipindi vya maana vilikuwa vile vya kale, bwana mmoja kavaa tai anakuonyesha pole pole jinsi ya kurekebisha kabureta, unapitiwa na usingizi kwenye kiti na ukiamka bado anarekebisha, na mimi niko upande huo. Kuna wanaopenda vile vya watu wazima kukimbizana na kugonga magari mazima huku wanacheka, upande huo yuko Norris, na ndiyo maana gari lake halina kioo cha pembeni. Halafu kuna hiki cha sasa kinachoitwa Kutoka Kwenye Kutu, ambacho wake zetu wote wanakipenda na sisi wote tunakitukana na hakuna hata mmoja anayekikosa.

Kama hukijui ni hivi, mzee fulani ana gari bovu gerejini, wanamvizia akitoka wanalibeba, wanalitengeneza kwa siri, kisha wanamleta uwanjani mbele ya watu, wanavuta shuka jeupe, gari linang'aa, mzee analia, mke analia, mtangazaji anajifanya analia. Mtangazaji huyo ni mtu mmoja anaitwa Jolyon, masharubu kayapaka mafuta, na tangu kipindi kianze sijamwona na uchafu chini ya kucha. Kila wiki injini inagoma kuwaka kabla tu ya matangazo ya sabuni, na matangazo yakiisha inawaka. Kila wiki, Shangazi. Injini gani hiyo inayofuata sabuni? Na siku moja nilimwona kwa macho yangu anakaza bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha injini, kuanzia pembeni, badala ya katikati, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na Enid akasema pole pole kwamba yule bwana hanisikii. Najua hanisikii. Angenisikia angeanza katikati.

Basi huo ndio msimamo wangu, na klabu nzima inaujua, nimeutangaza pale Fleece kila Jumanne kwamba siku watu hao wakikanyaga gereji yangu nitawamwagia oili chafu.

Javelin yangu imekaa gerejini muda mrefu. Watu wabaya husema imekwama. Haijakwama, inasubiri. Nasubiri mpira wa mlango wa aina ile ile ya kiwandani, maana nikiweka wa kisasa afadhali nisiendeshe kabisa, na kabla ya mpira nilisubiri kioo cha taa, na kabla ya kioo sikumbuki. Enid hajalipanda likitembea, kwa sababu lilikuja nyumbani juu ya tela, na siku ile nilimwahidi kwamba nitampeleka nalo Filey tule samaki na chipsi tukitazama bahari. Ahadi ipo pale pale. Sijaivunja, haijafika tu.

Mwezi uliopita Norris akaniambia twende Ripon kwenye gulio la vipuri. Nikaenda, akanizungusha kwenye meza za makorokoro mpaka miguu ikavimba, na niliporudi nyumbani gereji ilikuwa wazi, ndani hamna kitu ila doa la oili. Nikapiga simu polisi. Akaja kijana mmoja mwenye adabu, akakaa jikoni na kalamu yake, nikamweleza namba ya injini, namba ya bodi, rangi, kila mkwaruzo, na Enid yuko pale anamimina chai, akiweka kidole ndani ya kikombe kama mtu asiye na malezi, kisha akamgeukia yule polisi akasema:

"Mwanangu, andika kwamba mwizi ni mimi."

Kumbe alikuwa amewapigia simu watu wa kipindi. Na Norris alijua! Klabu nzima ilijua, isipokuwa mwenye gari.

Sikulala nikatulia. Nikamlazimisha Norris anipeleke kwenye karakana yao nje ya Wakefield, maana alikuwa na deni la aibu kwangu. Mlango ulikuwa wazi nusu, nikachungulia, nikaiona Javelin yangu. Manjano, Shangazi. Manjano ya haradali. Gari lililotoka kiwandani na rangi ya damu ya mzee, rangi ambayo ningeijua hata gizani, wamelipaka kama kopo la haradali. Akatoka fundi mmoja, msichana anaitwa Tamsin, mikono yake michafu kweli kweli, hilo nampa.

"Mzee, huruhusiwi kuliona mpaka Jumamosi," akaniambia.

"Nimeshaliona. Nani kakudanganya kwamba Javelin ilitoka na rangi hiyo?"

"Hakuna. Tulimwonyesha mkeo ile ya kiwandani akaikataa. Akavibeba vibao vyote vya rangi nje kwenye jua, akawa anakiweka kimoja kimoja karibu na pua, mpaka akafika kwenye hiki. Akasema hiki hapa, tena akacheka." Halafu yule binti akanitazama akaongeza, "Na bolti nilianza katikati. Alituambia hilo tusikosee, la sivyo hatutapona."

Nikamwambia Norris anirudishe nyumbani.

Nyumbani nikamwambia Enid kwamba ameniharibia heshima, mtu wa klabu hawezi kuonekana na gari lisilo na rangi yake, hata waamuzi wa maonyesho watalipita bila kusimama. Nikamwambia gari likirudi nitalikwangua lote nilipake upya. Hakubisha. Alisema tu:

"Likwangue, mzee. Lakini acha kwanza nilione mara moja."

Huo ndio ukaidi wenyewe. Na wazimu huu wa manjano haukuanza na gari. Tangu aanze kwenda hospitali kila mwezi kuchomwa sindano ya jicho, mambo ya uzee hayo, kila mtu na lake, mimi ni goti, basi kanunua birika la manjano, kikombe cha manjano, na ukingo wa kila ngazi ya nyumba yangu kaubandika utepe wa manjano kama kwenye ujenzi wa barabara. Mimi siulizi. Mwanamke akianza mambo ya mapambo ukimuuliza hamalizi.

Sasa Jumamosi hii wanavuta shuka pale Lister Park, klabu yote itakuwepo, na mtu wao mmoja kanipigia simu kunielekeza kwamba nishtuke, nishike kichwa, halafu nilie kidogo. Mimi! Sijalia tangu timu ya Bradford City ishuke daraja. Nikamwambia Enid siendi. Akanijibu kwamba nisipokwenda yeye atakwenda, na Norris ataendesha, watafika Filey wao wawili. Norris, Shangazi, mtu anayebadili gia kama anakoroga uji!

Kwa hiyo andika wazi, nisiende, na gari lirudi kwenye rangi yake. Andika kwa herufi kubwa, miwani yangu imepasuka.

Horace Sugden
Fundi, na si wa televisheni

*

Mzee Horace,

Haki yako nakupa yote kwa mkupuo mmoja, ichukue: Javelin haikutoka na manjano, vipindi hivyo vina chumvi kuliko samaki wa Filey, na injini inayongoja tangazo la sabuni ni uongo mtupu. Marehemu mume wangu naye aligombana na televisheni miaka yote, na televisheni haikuwahi kumjibu. Umeridhika? Sasa kaa chini, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na inaonekana wewe uliyeiandika hukuisoma hata mara moja.

Unajua injini inayofuata matangazo. Unajua bolti iliyoanza pembeni, tena umeiona kwenye kioo cha televisheni, mtu yuko mbali, na kamera inapita haraka. Una jicho kali, Mzee Horace, hilo sikunyimi. Lakini mke wako halisomi tena gazeti, ukasema anajifanya bibi mkubwa. Anaweka kidole kwenye kikombe ili ajue chai imefika wapi, ukasema hana malezi. Anashika kibao cha rangi karibu na pua, anabandika utepe ili asianguke kwenye ngazi zako, anachomwa sindano ndani ya jicho kila mwezi, jichoni, mzee, hebu fikiria hiyo sindano ikikujia, nawe umeandika kwamba kila mtu na lake na wewe ni goti.

Enid anapoteza macho. Mimi si daktari na sijamwona, lakini huhitaji daktari kusoma barua yako. Hiyo manjano haikuchaguliwa kwa ajili ya waamuzi wa maonyesho. Ndiyo rangi anayoiona bado. Alipoipata akacheka, fundi wa watu kakwambia, nawe ukasikia haradali. Damu ya mzee, hiyo unayoijua hata gizani, kwake yeye ni giza lenyewe. Naye hakukuomba gari libaki hivyo milele. Alikuomba alione mara moja. Ameisubiri Filey wakati wewe unasubiri mpira wa mlango, na mpira unaweza kungoja, lakini jicho halingoji.

Sasa kwa nini hakukwambia? Hilo utamuuliza mwenyewe, ila nakudokezea kwamba si rahisi kupenyeza neno kwa mtu anayemfokea Jolyon.

Sitaki kukuonea. Mtu anayetangaza jambo kila Jumanne pale baa anashindwa kulirudisha Jumatano, na wenzio wa klabu watakucheka. Waache wacheke. Wao walimsaidia mkeo kuiba gari ili walione likitembea kabla hawajakuzika, na hao ndio marafiki ulionao, si haba.

Basi fanya hivi. Umejisifu kwangu kwamba injini unaifungua umefumba macho. Vizuri sana. Leo fumba macho hayo hayo, simama juu ya ngazi za nyumba yako mwenyewe, ushuke mpaka jikoni, ujimiminie chai ya moto. Ukimaliza utaacha kusema mapambo. Mwezi ujao siku ya sindano unakwenda naye hospitali, na kama ni siku ya gulio la vipuri, vipuri vitakuwepo kesho yake. Jumamosi unakwenda Lister Park umevaa shati safi. Kulia au kutolia ni juu yako, na huyo mtu wa simu asikuelekeze. Shuka likivutwa usiseme neno lolote kuhusu rangi, si kwa Norris, si kwa kamera, si kwa mungu wako. Mfungulie mlango mkeo, ukae kwenye usukani wewe, na msipite popote mpaka Filey. Rangi ya manjano utaikwangua siku atakapokwambia yeye kwamba haioni tena, na naomba siku hiyo ichelewe.

Najua jibu hili unamsomea sasa hivi, kwa kuwa ndivyo ulivyopanga, ili asikie kwamba huna kosa. Pole, Enid, kwa kusikia mambo yako gazetini. Mzee Horace, siku ya Jumamosi utamsimamisha mbele ya lile gari upande wa jicho linaloona vizuri zaidi. Kama hujui ni lipi, liweke gazeti chini umuulize.