Sindano ya Pili ya Frateri

Jumamosi jioni, mwezi wa sita. Bombambili, Songea.

Leo ukungu ulikataa kuondoka mpaka asubuhi ilipokaribia kuisha. Baridi imetushika kweli, naandika nikiwa nimevaa soksi juu ya soksi na kujifunga kitenge cha mama. Lakini moyo wangu ni mwepesi. Nimeusubiri wepesi huu tangu likizo ianze.

Frateri amechomwa sindano yake ya pili, na hajanikataa.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza, Frateri ni sungura wangu. Ni mweusi mwili mzima, ila shingoni amezungukwa na utepe mweupe kama kola ya padri. Mwanzoni nilimwita Padri. Mama akasema hataki kusikia mtu anamwita padri aje ale majani nyuma ya jiko. Tukakubaliana aitwe Frateri, kwa sababu huyo bado yuko masomoni.

Shida ilianzia masikioni. Alikuwa akijikuna mpaka anatoa damu, na ndani ya masikio kukajaa magamba ya rangi ya kahawia. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, kule Mfaranyaki. Nilimweka kwenye kikapu, nikafunika kwa khanga, tukapanda bodaboda. Nilidhani nimefanya vizuri. Sikufikiria matuta, wala honi, wala gari la matangazo lililotuandama nyuma karibu njia nzima. Wala sikujua kwamba tutakuta watu wamepanga foleni na mbwa wao wa kuchanjwa, mbwa wakubwa, wote wakibweka. Kikapu kilikuwa kinatetemeka mapajani mwangu.

Daktari alimshika ngozi ya shingo, akaniambia niikaze miguu ya nyuma. Nikaikaza. Sindano ilipoingia, Frateri alipiga kelele.

Sikujua kama sungura ana sauti.

Nilimlea tangu akiwa anaenea kiganjani na sikuwahi kumsikia hata mara moja. Daktari ni dada mpole, aliniambia nisiogope, sungura hulia hivyo akidhani anakufa. Alisema ili kunituliza. Lakini maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani: akidhani anakufa. Na mikono iliyokuwa imemkaza ilikuwa yangu.

Tena akasema lazima sindano irudiwe baada ya wiki mbili. Dawa inaua utitiri uliomo masikioni, lakini mayai yake haiyagusi. Yakianguliwa, ugonjwa unaanza upya.

Tulipofika nyumbani, Frateri aliingia kwenye kijumba chake cha mbao kilichomo ndani ya banda, akageukia ukutani. Alikula pale tu ambapo hakuna mtu. Akiniona mimi alipiga mguu wa nyuma chini, pu, kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Mama hakupigiwa. Baba hakupigiwa. Mimi tu.

Nikaanza kumbembeleza. Hapo ndipo nilipozidi kuharibu. Kila nilipopata nafasi nilifungua banda, nikaingiza mkono na matembele, na karoti, na maneno matamu. Siku moja nikamvuta nje kwa nguvu ili akumbuke kwamba sisi ni marafiki. Akanikwaruza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilimwambia hana shukrani. Nilimwambia kwa sauti, yeye sungura, kana kwamba ataona aibu. Kisha nikakaa chini nikalia.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, anachambua maharage. Hakunyanyua macho.

“Wewe kwake sasa ni mgambo, Skola,” alisema. “Unafungua mlango wa mtu kila saa, unaingiza mkono mpaka chumbani kwake. Hata hodi hupigi.”

Najua alikuwa anatania, maana aliendelea na maharage yake. Lakini mimi niliacha kulia. Hodi nimefundishwa kabla sijajua kutembea sawasawa. Unapiga mara tatu, unasubiri, usipojibiwa unageuka unarudi ulikotoka. Hakuna mtu anayesema, nilipiga hodi, hawakujibu, basi nikaingia kwa kuwa nawapenda.

Jioni ile nilisimama mbali na banda. Niliacha mlango wake wazi, nikarudi nyuma, nikasema, hodi.

“Karibu, pita ndani,” nikajibiwa.

Aliyejibu ni Mama Thadei, jirani yetu anayefuga nguruwe. Ua wetu na wake umetenganishwa na mabati tu. Alitoka na pumba mikononi akatafuta mgeni, hakumwona, akanikuta mimi nimesimama mbele ya sungura. Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akashika bati. Tangu siku hiyo, kila jioni nikipiga hodi alikuwa anajibu kutoka upande wake, “Mwenyewe yupo, ila leo hataki wageni.”

Ilikuwa kweli, hakutaka. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga hodi zangu tatu, nikasubiri, nikaondoka. Kuondoka ndiko kulikuwa kugumu. Kuna jioni niliyaona masikio yake, nikatamani kusogea kidogo tu. Sikusogea.

Kisha pua ikatokea mlangoni. Jioni nyingine akatoka nusu. Halafu siku moja akaja mpaka kwenye kandambili yangu, akanusa, akarudi mbio. Nikaanza kushika jani la mchunga bila kulinyoosha kwake, nikiwa nimelishika tu kama mtu anayewaza mambo yake mwenyewe. Akaja akalichukua. Na juzi alipitisha kidevu chake juu ya kidole changu cha mguu. Nimesoma kwamba sungura hufanya hivyo kwa vitu anavyovihesabu kuwa ni vyake.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi, kisha hofu ikaja, kwa sababu siku ya sindano ilikuwa imekaribia.

Kila alipozidi kunisogelea niliona kama namdanganya. Ninamwita kwa adabu, ninampa mchunga, na huku najua ninachomwitia. Sisi shuleni tulipochanjwa, mwalimu alitueleza ni chanjo ya nini na inakinga nini, na bado nusu ya darasa tulilia. Frateri nitamweleza kwa lugha gani? Mimi najua kwa nini. Yeye anachojua ni maumivu tu, na harufu ya mikono yangu.

Bahati nzuri daktari alikuwa anakuja leo kuwapa nguruwe wa Mama Thadei dawa ya minyoo, hivyo hatukuhitaji bodaboda tena. Jana Mama Thadei akaniletea wazo kupitia juu ya mabati.

“Nitamshika mimi. Anichukie mimi, kwani mimi naishi naye?”

Nakiri kwamba nilikubali. Nililala nimekubali. Lilikuwa wazo zuri sana kwangu: yeye abebe lawama, mimi nije baadaye na mchunga. Lakini asubuhi, nilipokuwa nafagia, nikaikumbuka ile kelele. Frateri hakulia kwa sababu mimi nilikuwepo. Alilia kwa sababu ya kila kitu, mbwa, meza ya bati, mikono ya watu asiowajua, na mimi nilikuwa nimesimama pale kama mmoja wao. Nikimpa Mama Thadei amshike, atakuwa tena mikononi mwa mgeni. Nitakuwa nimejiokoa mimi, si yeye.

Nikaenda kumwambia Mama Thadei kwamba nitamshika mwenyewe. Hakununa. Alisema tu nikunje vizuri mikono ya sweta nisije nikararuliwa.

Daktari alifika kwetu ametoka moja kwa moja bandani kwa nguruwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza mgonjwa yuko wapi. Hapo nikamwomba, kwa sauti ndogo maana niliona aibu, kama anaweza kunawa kwanza na kuvua mabuti, kwa sababu Frateri hajazoea kusogelewa na harufu ile ya nguruwe. Nilitegemea kukaripiwa. Aliniangalia, akamwangalia mama.

“Hospitali ya huku ina masharti kuliko ya kwetu,” alisema, akainama kuvua.

“Na hodi upige,” Mama Thadei akamwambia kutoka kwenye mabati. “Usipopiga hodi humwoni mtu.”

Nilikaa chini kwenye mkeka. Frateri alikuja mwenyewe kufuata mchunga, akapanda mapajani. Nikamfunika nusu kwa khanga, kichwa chake nikakiingiza kwapani kwangu ambako ni giza na joto. Sikumkaza. Nilimzungushia tu mikono. Moyo wake ulikuwa unakimbia, nao wangu ulikuwa unakimbia, sijui nani alikuwa anamtisha mwenzake. Daktari alipiga magoti nyuma yetu. Nilihisi mwili wa Frateri ukikakamaa wote kwa pamoja, nikafumba macho nikisubiri kelele.

Haikuja.

“Tayari,” daktari alisema. Aliangalia masikio, akasema ndani ni safi, magamba yamekwisha na ngozi imeanza kupona.

Nilipofungua mikono tu, Frateri aliruka akaingia kijumbani, akageukia ukutani. Kama ile mara ya kwanza. Sawasawa kabisa na ile mara ya kwanza.

Nilimsindikiza daktari mpaka njiani, nikamshukuru. Niliosha vyombo. Nilianua nguo ambazo bado zilikuwa na unyevu, nikazianika tena. Nilikuwa nafanya kazi zote kwa haraka kama mtu anayetaka siku iishe. Nilijiambia kwamba nikikuta amenipigia mguu, nitaanza upya, na kama itachukua likizo nzima, basi. Nilijiambia hivyo, lakini nilikuwa siamini kwamba nitaweza.

Jua lilipokuwa linapoa nikaenda nyuma ya jiko. Nikakaa, si juu ya ndoo, chini kabisa. Nikapiga hodi. Hata Mama Thadei hakujibu. Nikapiga ya pili. Kabla sijapiga ya tatu, Frateri alitoka.

Alitoka bila haraka. Aliupita mchunga niliokuwa nimeuweka, hakuunusa. Akaja mpaka kwenye goti langu, akasimama hapo kidogo, halafu ghafla akaanguka ubavu, pwata, miguu ya nyuma ameinyoosha, macho amefumba.

Nilidhani amekufa. Nilidhani ni sindano. Nikainama kumtazama kwa karibu, nikaona pua inacheza, polepole, kama ya mtu aliyeshiba. Alikuwa amejilaza. Mnyama ambaye kazi yake yote ni kukimbia alikuwa amelala ubavu, tumbo wazi, ameegemea goti langu.

Sikumgusa. Mguu wangu uliingia ganzi, baridi ikapanda kutoka chini mpaka kiunoni, na sikusogea. Machozi yalitoka, lakini safari hii hayakuwa mabaya.

Mama aliniita nikasonge ugali. Nikaitika kwa sauti ndogo kwamba nakuja. Akaniita tena, nikaitika tena, nikabaki pale pale. Kisha nikasikia hatua zake. Alifika mpaka kwenye kona ya jiko, akatuona. Akarudi ndani, na baada ya muda nikasikia mwiko ndani ya sufuria.

Ugali wa leo amesonga yeye. Kesho nitasonga mimi.