Jicho la Pili la Daruma

Makongeni, Thika
Jumapili jioni

Dada yangu Gathoni,

Pokea salamu za kakako ambaye bado anakula vizuri, ila halali vizuri. Mgongo wako umetulia? Na mama yetu, Maitu, bado anabishana na ng'ombe? Huku ni mvua na matope, lakini tunasukuma. Nimeandika kwa sababu kwa simu ungecheka kabla sijamaliza.

Unamkumbuka Calvince, yule Mjaluo mpole tunayechora naye vibao vya maduka. Mwaka huu mimi, yeye na Emmah wa mtaa wa Landless, anayeshona nguo mlango unaofuata karakana yetu, tulijiunga na darasa la kuchora kwa wino kule Ruiru. Linafundishwa na mama Mjapani, Naoko, katika ukumbi wa kanisa. Kushika brashi, Calvince nilimfunza mimi. Lakini mwalimu alitazama mchoro wake wa mwanzi, mistari michache tu na karatasi tupu, akasema ule utupu unapumua. Mimi nilikuwa nimejaza majani, ndege na jua. Akasema nina bidii. Gathoni, hakuna tusi kama kuambiwa una bidii. Emmah naye akauomba ule mwanzi autundike kwake.

Kisha Naoko akampa Calvince zawadi: mwanasesere mwekundu wa karatasi, mviringo kama kiazi, hana mikono wala miguu. Anaitwa Daruma. Alikuwa mtawa wa Budha aliyekaa miaka tisa akitafakari mbele ya ukuta, mpaka, wanasema, miguu ikaisha. Ukimwangusha, anainuka. Huja bila macho. Unaweka nia, unapaka jicho moja. Nia ikitimia unampa la pili, na mwishowe hupelekwa hekaluni achomwe kwa shukrani. Mzee wa kanisa aliuliza kama ni sanamu ya kuabudiwa. Naoko akamjibu kwamba ni kama kufunga fundo kwenye leso usisahau ulichoahidi. Mzee akaridhika, akamwangusha tena na tena amwone akiinuka.

Calvince alipaka jicho moja kimya, lakini tukirudi Thika akaniambia nia yake ni Emmah. Aliniambia mimi! Mimi niliyemnunulia Emmah chai na mahindi ya kuchoma tangu Krismasi. Nikamshauri asiwe na haraka.

Sasa keti, dada. Daruma aliwekwa kwenye rafu ya karakana, na kila nilipoinua kichwa lile jicho moja lilikuwa linamfanyia Calvince kazi. Nikawaza: hata fundi ukimlipa pesa zote mapema, humwoni tena. Juzi mchana, wenzangu wakiwa hawapo, nikachovya brashi nikampa mzee Daruma jicho la pili. Nilijua hapo kazi imekwisha, aende zake.

Calvince alirudi, akaliona, akaketi juu ya mkebe wa rangi. Nilingoja alie. Alilia kweli, lakini kwa furaha. Ufunguo wa karakana tunao watatu tu, Emmah akiwemo, na mimi nimekuwa nikimwita Daruma kiazi. Kwa hivyo, akasema, aliyepaka ni Emmah, amemjibu. Akatoka mbio hata bila kunawa wino.

Emmah mwenyewe alinisimulia kesho yake. Hakujua jicho lolote, lakini alikuwa amechoka kungoja yule bubu afungue mdomo, basi akapokea shukrani. Akaniuliza kama namjua aliyepaka. Nikamwambia pengine mzee Daruma alijipaka mwenyewe. Alinitazama kidogo, akarudi kushona.

Jumamosi wanaenda kwa wazazi wa Emmah. Calvince hajui Kikuyu hata cha kuombea maji, na ndugu zake wako mbali, kwa hivyo ameniomba niwe msemaji wake. Eti hakuna anayemjua Emmah kama mimi. Nimekubali. Ningesema nini?

Njoo, tafadhali. Utaketi ubavuni pangu, na ukisikia nimeanza kusifu fundi mwingine badala ya Calvince, unikanyage mguu. Kanyaga kabisa.

Msalimie Maitu, lakini usimweleze. Ataniombea kanisani kwa sauti.

Ni mimi kakako, mwenye bidii,
Gachau