Deki Iliyokwenda Minjila

Garsen,
6 Januari 2018

Mama mpenzi,

Salamu za mwanao zikufikie ukiwa mzima, na goti liwe limekupa ruhusa ya kutembea. Mimi niko salama na duka linakwenda. Joto la Garsen tu ndilo halina adabu.

Haroun amefika. TV yako ya mgongo imefika nzima na deki yake pia. Anasema toka Kau mpaka Kipini alikaa mtumbwini ameipakata ile TV, na sasa anaudai mgongo wake kwangu. Nimempa soda.

Sasa Mama, Haroun anayekurudishia barua hii amebeba TV bapa, inchi thelathini na mbili, HD, na deki mpya iliyo nyembamba kama sahani. Usidhani ni picha ile uliyoizoea, ya watu wanaoonekana wamesimama ndani ya moshi. Hii mtu akiwa na chunusi utaiona na utamwonea huruma. Kufunga ni kazi ndogo: waya mmoja mweusi mnene, kichwa kimoja nyuma ya TV, kingine nyuma ya deki, basi. Na inakula umeme kidogo. Betri ya sola haitawazimikia tena wewe na shoga zako kabla CD ya harusi haijafika katikati.

Ile TV ya zamani nitaitoa spea. Deki imepata mnunuzi siku ileile: Mahad, mwenye hoteli pale Minjila, anayewaonyesha wateja wake mpira na filamu. Deki yake imekufa. Nimemwambia mlango wa hii haufunguki mpaka upigwe kofi, akasema hata wa kwake ulikuwa hivyo.

Ukiwasha tu, niandikie.

Mwanao,
Athmani


Kau,
11 Januari 2018

Mwanangu Athmani,

Nakusalimu kwa salamu ya amani. Goti lina nafuu. TV nimeiwasha, na picha yake nimeishukuru mbele ya majirani. Hayo mazuri yameishia hapo.

CD ya Ilham imo ndani ya ile deki.

Unaijua ni ipi, ingawa hujaiona wala hutaiona. Ni ile ya usiku wa wanawake, dadako alipopambwa. Yule binti Stacy alikuja na kamera yake kutoka huko Garsen, na wanawake kumi na tisa wa hapa wakakubali kupigwa picha, vichwa wazi, nywele chini, wamevaa walivyovaa na wamecheza walivyocheza. Walikubali kwa sharti moja: CD itoke moja tu, na ikae kwangu. Mimi nikakataza hata isiandikwe jina, mtu asije akaiona akaitamani. Na kuificha niliificha humohumo ndani ya deki, maana hapa Kau aliyejua kuupiga kofi mlango ule ni mimi peke yangu. Halafu nikaifunga deki kwa mikono yangu miwili, nikampa Haroun.

Athmani, ikiwashwa mbele ya wanaume wa Minjila, sina uso wa kuwatazama wenzangu maisha yangu yote. Na wakwe wa Ilham unawajua walivyo, hawatamwacha apumue. Ijumaa ijayo, tarehe kumi na tisa, wanawake wote wanakuja kwangu kuitazama kwenye hii TV mpya. Wameshagawana nani apike kaimati.

Ningekupigia simu, lakini mtandao wa hapa ni mpaka usimame pale mitumbwi inapofungwa, na pale una wasikilizaji ishirini. Nenda Minjila leo. Na wewe mwenyewe usiitazame. Nasema tena, usiitazame.

Mamako,
Mwanasha


Garsen,
14 Januari 2018

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nimesimama, kwa hiyo usiniulize habari za afya.

Nimekwenda. Mahad aliitoa CD siku alipoichukua deki, akaiona haina jina, akaitia ndani ya boksi pamoja na za kwake. Boksi lina CD thelathini na sita, Mama, na zote ni nyeupe tupu. Anaapa kuwa hajapiga hata moja, wiki yote walikuwa na mpira wa dishi. Nikamuuliza pia Hudson, mpishi wake, na yeye akasema hivyohivyo. Moyo ukatulia kidogo.

Lakini mpira umekwisha jana, na leo alasiri alikuwa awashe filamu. Nilimwambia tu kwamba mle mna kitu cha mama yangu, cha wanawake. Mahad ana mama na ana dada, aliichomoa TV mwenyewe na wateja wakanywa chai yao wakitazama barabara.

Tabu ni hii: nitaitambuaje bila kuitazama? Mkewe Fosia angetusaidia, lakini yuko Hola kwa dadake aliyejifungua. Nilitaka nikuletee boksi zima, ila nusu ya hizo CD si zake, na Jumatano asubuhi zinarudi Hola kwa mwenyewe. Kule nako ni hotelini.

Nifanyeje?

Mwanao,
Athmani


Kau,
15 Januari 2018

Mwanangu,

Marahaba. Haroun yuko mlangoni ananingoja, kwa hiyo mimi pia sikuulizi afya.

Funika TV. Ifunike kwa nguo nzito, kisha uipe mgongo, uzipige moja moja na usikilize. Ukisikia pembe za vugo, zile zinazogongwa kwa vijiti harusini, na wanawake wanaimba, ndiyo hiyo. Zima hapohapo, itoe, ifunge kitambaa, ukishone, umpe Haroun bila kumwambia ni nini.

Sijalala tangu Alhamisi. Jana Asmaa alipita kuniuliza kama TV yangu itaonyesha vizuri rangi ya hina yake. Nikamwambia itaonyesha. Aliponipa kisogo nikakaa chini.

Mamako,
Mwanasha


Garsen,
17 Januari 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Lala usingizi sasa. Kitambaa alichokupa Haroun ndicho, na uzi umetoka kwa fundi aliye jirani yangu.

Nilifanya kama ulivyosema. Tulifunika TV kwa shuka mbili za Mahad, yeye akaenda kukaa mlangoni kuwazuia watu, nami nikakaa na uso wangu ukutani. Ya kwanza bunduki. Ya pili bunduki. Ya tano mawaidha, nikaona haya kuyakata katikati. Ya kumi na moja watu wanafukuzana na magari. Nilifika ya ishirini na tatu shingo imekauka, nikasikia pembe zinagongwa, taratibu, halafu mwanamke mmoja akaanza kuimba na wengine wakamwitikia.

Nilijua ndiyo hiyo. Nilitakiwa nizime.

Mama, nilikuwa najiuliza, ni nani huyu mwenye sauti hii, mbona nimezaliwa Kau na kukulia Kau sijapata kumsikia. Kisha akacheka katikati ya mstari, akaudaka wimbo tena mbele kidogo. Kicheko kile ninakijua. Ni chako.

Kabla Baba hajafariki sikumbuki, na tangu afariki sijakusikia ukiimba, hata jikoni. Nilidhani hujui, au ulijua ukasahau. Nililia mle hotelini kwa Mahad, nimeutazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Aliniuliza toka mlangoni kama nimeipata, nikamwambia bado. Huo ni uongo, na nimemwomba msamaha baadaye. Sikuzima mpaka ulipomaliza.

Sikuona kitu. Hilo naapa.

Mwanao,
Athmani


Kau,
20 Januari 2018

Mwanangu Athmani,

Amani iwe juu yako, na juu ya shingo yako pia, ikande kwa mafuta ya nazi.

Walikuja wote jana. Kabla sijawasha niliwaambia ukweli: CD yenu ilinitoka mkononi, ikakaa Minjila siku kumi, na hakuna aliyeiona. Niliwaambia atakayetaka iondoke kwangu aseme. Asmaa akauliza ni nani aliyeitafuta, nikawaeleza ulivyokaa na ukuta. Walicheka mpaka bibi mmoja akapaliwa na kaimati. CD imebaki kwangu, na safari hii imo sandukuni chini ya sanda yangu. Picha ni safi kama ulivyosema. Hina ya Asmaa ilionekana, na mkono wake uliotia vitumbua mkobani ulionekana pia, akakana huku tunautazama.

Sasa wewe. Nilikwambia uzime hapohapo. Kuimba kwangu mle ni saa nzima na zaidi, Athmani, nimehesabu jana.

Sikusahau kuimba. Babako alikuwa kila tukialikwa mahali ananisindikiza, kisha anakaa nje, mgongo kwenye mlango, anawaambia wenzake kwamba anapunga upepo. Hakuna aliyemwamini. Alipoondoka niliona nyumbani hakuna wa kumwimbia, na kwa Ilham niliimba kwa sababu ni mwanangu. Sikujua nina mwingine anayesikiliza.

Lakini hiyo CD hutaipata tena. Ukitaka sauti yangu, niletee harusi. Yako.

Mamako,
Mwanasha